Shuke Lisiloinama

Khalati, dada wa mama yangu, alilishika shuke moja la mpunga, akalivuta upande wangu bila kulikata. "Ndoo utizame. Hili lina nini?"

Kwa macho yangu ya mjini lilikuwa shuke zuri kupita yote. Limesimama wima, limepauka kati ya wenziwe wa kijani, nami nikadhani ndilo lililowahi kukomaa. Akanitilia punje tano kiganjani, akaniambia nizibonyeze kwa ukucha. Zote zikabonyea. Ndani hamkuwa na kitu, hata yale maziwa ya punje changa hayakuwamo. Mapepe matupu. Kisha akateremsha kidole mpaka chini ya shuke, pale linapochomoza kutoka kwenye jani la mwisho, akanionyesha shingo yake. Kipande chenye urefu wa kidole gumba kilikuwa kimenywea na kugeuka rangi ya kahawa iliyokolea, karibu na weusi. Alipolipinda kidogo tu, likavunjika papo hapo.

"Mpunga wenye kitu huinama," akasema. "Huu hauna cha kuuinamisha."

Tulikuwa bondeni, upande wa Vanga, Kaunti ya Kwale, karibu kabisa na mpaka wa Tanzania. Nilivuka Likoni alfajiri kwenda kumsaidia kuamia ndege mwisho wa juma, nikitarajia kelele, kombeo, na usingizi wa mchana chini ya mwembe. Badala yake tulishinda tukihesabu mashuke meupe, na katika jaruba la kwanza tuliacha kuhesabu kabla ya adhuhuri. Ndege wenyewe hawakulitaka jaruba lile. Walikuwa wanatua, wanapapasa shuke mbili tatu, wanaondoka.

Lililoniuma zaidi nilikuja kulijua baadaye. Mwezi mmoja na nusu kabla ya siku ile, khalati alikopa pesa akanunua mbolea ya urea, akaimwaga yote kwa mara moja, na mpunga ukawa kijani cheusi mpaka majirani wakaja kuusifu. Mbolea ya naitrojeni ikizidi, jani huwa laini na mpunga husongamana, unyevu hukaa humo ndani, na ugonjwa huu, uitwao blasti, hupata nyumba. Aliyemwuzia hakumwambia neno. Alimhesabia mifuko akamrudishia chenji.

Bibi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akiuita ugonjwa huu "ukungu". Sisi wajukuu tulidhani anausema ule ukungu wa asubuhi unaolala bondeni mpaka jua lipande, kwa kuwa alituambia kwamba mwaka wenye ukungu mwingi ni mwaka wa mtele haba. (Alisema mtele, kama Wamvita wote wa umri wake.) Kiswahili kimeyapa mambo mawili jina moja: wingu la chini la alfajiri, na ile kuvu inayoota juu ya mkate uliosahauliwa. Miaka mingi baadaye nikasoma kwamba kuvu ya blasti, kama wakulima na mabwana shamba wanavyoiita siku hizi, haiwezi kuingia kwenye jani kavu. Inahitaji jani libaki na maji saa nyingi mfululizo, usiku wenye umande mzito na joto la nyuzi 25 hadi 28 hivi. Ukungu wa kwanza huulea ukungu wa pili. Bibi hakuwa amechanganya kitu.

Namna kuvu hii inavyoingia ndiyo iliyonifanya nisome usiku kucha. Jina lake la kisayansi ni Magnaporthe oryzae, na vitabu vingine huiita Pyricularia. Chembe yake ya uzazi ina umbo la peasi na vyumba vitatu ndani. Ikitua juu ya jani lenye umande hujigandisha kwa gundi yake yenyewe, na kwa muda wa saa mbili hivi huwa imechipua. Ncha ya chipukizi hilo huvimba ikawa kama kuba dogo, na ukuta wa kuba hupakwa melanini, weusi wa jamii moja na ule unaotia rangi ngozi zetu. Weusi ule huziba vitundu vya ukuta ili kilichomo kisitoke. Ndani hujaa gliseroli, maji hufyonzwa kuifuata, na nguvu ya msukumo hupanda hadi megapaskali 8. Hiyo ni karibu mara 40 ya upepo ulio ndani ya tairi la gari. Kisha sindano nyembamba hutoka chini ya kuba na kulitoboa jani.

Kwa siku kadhaa mkulima haoni chochote. Halafu hutokea madoa yaliyochongoka pande zote mbili kama dau lililotazamwa kutoka juu, katikati kijivu na ukingoni kahawia. Kila doa hutoa maelfu ya chembe mpya usiku baada ya usiku kwa muda wa wiki mbili hivi. Majani yakiugua, mpunga unaweza bado kuvumilia. Shingo ikiugua wakati shuke linapochomoza, chakula hakipandi tena kwenda kwenye punje, na mkulima amekwisha kutoa gharama zake zote.

Ugonjwa wenyewe ni wa zamani sana. Wachina waliuandika mwaka 1637, wakauita homa ya mpunga. Makadirio yanayorudiwa mara nyingi na watafiti ni kwamba mpunga unaopotea kwa sababu yake kila mwaka ungetosha kulisha watu milioni 60, na Wakenya wote hatufiki idadi hiyo. Ndugu zake wa karibu huushambulia wimbi kule magharibi mwa nchi yetu, na aina nyingine imehamia kwenye ngano: ilitokea Brazili mwaka 1985, ikaonekana Bangladesh mwaka 2016, na mwaka 2018 ikawa Zambia.

Sasa niseme kwa nini nawaandikia watu wa Mombasa, ambao wengi wetu hatuna hata jaruba moja.

Nimekulia Mji wa Kale, katika nyumba ambayo mchele wa Ijumaa huchaguliwa kwenye uteo tangu Alhamisi jioni. Sisi hatununui mchele kwa macho peke yake. Nenda Kongowea usimame kwenye duka la nafaka robo saa tu, utawaona watu wakitumbukiza mkono ndani ya gunia, wakichota, wakipeleka puani. Kwenye harusi, sufuria la pilau likifunuliwa, wageni walio barazani hujua kabla ya kuona sahani kama mwenye shughuli alinunua pishori ya kweli au alichanganyiwa. Ni sehemu ya heshima yetu na naipenda. Lakini pua zetu hizo ndizo zinazoamua nini kipandwe Mwea, chini ya Mlima Kenya, unakotoka mpunga mwingi wa nchi hii.

Pishori tunayoisifu ni Basmati 370, mbegu iliyochaguliwa katika kituo cha Kala Shah Kaku, Punjab, na kutolewa kwa wakulima mwaka 1933. Jina tulilolipa sisi linatokana na Peshawar. Ina harufu isiyo na mfano, na haina kinga ya maana dhidi ya blasti. Mkulima wa Mwea analijua hilo kuliko mimi. Anazijua pia mbegu nyingine zinazozaa zaidi na kuugua kidogo, lakini hazinukii kama pishori, na mchele wake huuzwa kwa bei ya chini. Kwa hiyo anapanda ile inayougua, ananunua dawa, na kuomba Mungu usiku uwe mkavu. Huwezi kumlaumu. Anapanda kile ambacho sisi tunakinunua.

Na dawa nayo si njia ya kutegemea. Mojawapo ya zilizotumika sana duniani, trisaiklazoli, hufanya kazi kwa kuizuia kuvu isitengeneze ile melanini. Kuba likikosa weusi wake, nguvu huvuja na jani halitoboki. Ni ujanja mzuri. Lakini mwaka 2017 Umoja wa Ulaya uliamua kushusha kiwango cha dawa hiyo kinachoruhusiwa katika mchele kutoka miligramu 1 kwa kilo hadi 0.01, na wauzaji wa basmati wa India na Pakistani wakajikuta wanatafuta upya namna ya kulima. Kinga iliyo ndani ya mbegu haihitaji bomba wala barakoa, na haibaki kwenye sahani.

Ugumu ni kuiingiza bila kuifukuza harufu.

Rafiki yangu niliyesoma naye sekondari hufanya kazi kwenye kibanda cha kuzalishia mbegu, na siku moja alinikaribisha nimtazame. Nilidhani nitaona mashine. Nilichoona ni stuli, kikoleo chembamba kama cha kutolea mwiba, na mkasi mdogo. Ua la mpunga ni dogo sana na hujichavusha lenyewe, ndiyo maana mbegu ya mpunga hukaa vilevile miaka na miaka. Ukitaka kuuoza mpunga na mwingine, sharti ulitangulie ua. Alasiri, rafiki yangu alikata kichwa cha kila ua kwa mkasi, karibu theluthi moja ya ganda, akaingiza kikoleo akatoa vifuko vya chavua, sita, kimoja kimoja, bila kuvigusa vile vinyoya viwili vya kike vilivyo katikati. Ua moja baada ya jingine. Alipomaliza shuke alilivika mfuko wa karatasi angavu akauandika tarehe. Kesho yake, saa nne asubuhi, maua ya mpunga wa kiume yalipofunguka, aliufungua mfuko ule kwa juu, akalileta shuke lake na kulitikisa taratibu. Vumbi la manjano likashuka.

Akanionyesha matunda ya wiki za nyuma. Kwa kuwa ganda lilikatwa, punje hukua zikiwa wazi upande wa juu, mchele ukichungulia. Shuke zima lilikuwa na punje kama ishirini. "Hizi ndizo mali yetu," akasema, akalirudishia mfuko wake.

Hesabu huanzia hapo. Harufu ya pishori inatokana na kitu kiitwacho asetilipirolini, kilekile kinachonukia katika majani ya ndugu mmoja wa mkadi wetu ambayo watu wa Asia ya Kusini-Mashariki huyatia kwenye wali. Mpunga usionukia una jeni inayokizuia kisirundikane, na katika basmati jeni hiyo imeharibika, imepungukiwa na herufi nane za vinasaba. Mpunga hunukia iwapo tu nakala zote mbili, ya mama na ya baba, zimeharibika hivyo. Ukiuoza pishori na mpunga wenye kinga usionukia, watoto wote hawanukii, hata mmoja. Wajukuu, mmoja katika wanne. Na wale wanaonukia bado wana nusu ya damu ya mpunga wa kigeni: punje fupi, wali unaonata. Ndiyo maana mtoto huozwa tena kwa pishori, na mtoto wake tena kwa pishori. Sehemu ya pishori hupanda kutoka asilimia 50 hadi 75, hadi 87.5, hadi karibu 94, na kila mara lazima uhakikishe kwamba jeni ya kinga haikudondoka njiani. Zamani ulingoja mpaka mche ukue uuambukize. Siku hizi hukatwa kijipande cha jani la mche mchanga na kupimwa vinasaba, na ile isiyo nayo hung'olewa. Bado ni kazi ya misimu mingi.

Hata hivyo kupima jani hakumalizi kazi. Mwisho wake mpunga hupelekwa mahali ambapo ugonjwa umekaribishwa kwa makusudi: mistari ya mbegu dhaifu pembeni iwe chanzo, naitrojeni nyingi, maji ya kunyunyizia jioni ili majani yalale yamelowa. Yale yote yaliyompata khalati kwa bahati mbaya, huko hufanywa kwa mpango. Kisha kila mstari hupewa alama kuanzia 0 hadi 9, na 9 ni kufa.

Kuna hadithi moja ya Japani ambayo kila nikiifikiria huona jinsi ladha na afya ya mmea zinavyoweza kufungwa pamoja. Kulikuwa na mpunga wa nchi kavu uliovumilia blasti vizuri sana, na wazalishaji wa mbegu wakajaribu tangu miaka ya 1920 kuihamisha kinga yake. Kila walipofaulu, wali ulikuwa mbaya mdomoni. Miongo ikapita. Mwaka 2009 kundi la Shuichi Fukuoka lilieleza sababu: jeni ya kinga, waliyoiita pi21, ilikuwa imekaa ubavuni mwa kitu kinachoharibu ladha, karibu mno hata zikawa zinarithiwa pamoja. Walitafuta miongoni mwa maelfu ya miche mpaka wakapata ule ambao mkato ulipita katikati ya viwili hivyo. Miaka 80 na zaidi, na waliokuwa wakisubiri si wakulima tu. Ni watu waliokataa kula wali usio mtamu, kama sisi.

pi21 ina tabia nyingine inayonipendeza. Jeni nyingi za kinga ni kama bawabu anayemtambua mwizi mmoja kwa kanzu yake. Akimwona, mlango haufunguki kabisa. Lakini kuvu hubadilika upesi, na siku mwizi akibadilisha kanzu, bawabu humpisha kwa salamu. Korea Kusini waliliona hilo. Mbegu zao za Tongil zilisambaa miaka ya 1970, zikazaa kupita kiasi, blasti ikazikwepa kwa miaka michache, kisha mwaka 1978 ugonjwa ukazivamia nchi nzima. pi21 haimfungi mtu mlango. Huichelewesha kuvu, madoa yakawa machache na madogo, na kwa sababu haimtegemei mwizi mmoja imedumu. Wengine huweka mabawabu wawili watatu kwa pamoja. India mwaka 2021 walitoa Pusa Basmati 1847, yenye jeni Pi2 na Pi54 dhidi ya blasti na nyingine mbili dhidi ya bakteria, na ni basmati, inanukia. Kwa hiyo inawezekana. Natamani wapishi wote wa Mombasa walijue hilo.

Khalati hakuwa na muda wa kungoja miaka. Nilipomweleza habari za Yunnan, China, alisikiliza kwa makini kuliko yote. Huko wakulima walikuwa na mpunga mtamu wa bei ghali ulioangamizwa na blasti. Wakaupanda mistari michache katikati ya mistari mingi ya mpunga wenye kinga, na utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba blasti kwenye ule mpunga mtamu ilipungua kwa asilimia 94. Chembe zikipeperuka hutua kwa jirani asiyeugua, na zinakufa pale.

"Kumbe si lazima niiwache Supa yangu," akasema. Supa ndiyo aliyoipanda mama yake.

Msimu uliofuata alipanda Supa kama kawaida, na kandokando yake akapanda Komboka, mbegu iliyotokana na kazi ya taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga iliyoko Ufilipino na inayolimwa hapa kwetu. Hunukia, ingawa si kwa nguvu ya pishori. Safari hii mbolea aliigawa mara tatu, kidogo kidogo. Nilikwenda tena kuamia ndege. Kwenye Supa tuliyakuta mashuke meupe, machache. Tuliyahesabu yote tukamaliza. Kwenye Komboka niliona madoa kwenye majani ya chini na shingo zilizokuwa safi. Jaruba moja haliwezi kuthibitisha jambo, na msimu ule umande ulikuwa mwepesi, hilo nalijua. Lakini mashuke yaliinama, na ndege walikuja kwa vikundi, tukapiga kelele mpaka sauti zikakauka.

Baada ya mavuno alibaki na debe moja la Komboka pembeni mwa ghala. Hakulitwanga na hakulitia dawa ya mbegu. Alinipa kilo mbili za mchele wake nije nazo Mombasa, akaniagiza niupikie watu wa nyumbani Ijumaa bila kuwaambia ni mchele gani.

Mama aliupika wali wa nazi, na samaki wa kupaka. Alipofunua sufuria alisita kidogo, akainamisha uso juu ya mvuke, akatia maji mawili matatu tena bila kusema. Tulikula kwenye sinia watu tisa. Ami, ambaye hujua mchele kwa mkono kabla ya kinywa, aliusugua punje mbili kwa vidole akauliza umenunuliwa wapi. Nikamwambia ni wa bondeni.

Khalati alipiga simu kabla ya Alasiri.

"Wamekula?"

"Wamekula, khalati. Wanasema ni mtamu."

"Utamu wa mdomoni usinipe. Sinia lilitiwa mara ya pili?"

"Lilitiwa, na ukoko wakaugombania."

Akanyamaza kidogo. Nyuma yake nilisikia kinu cha jirani.

"Basi lile debe silitwangi," akasema.